Bi Kobe na Ua Usio wa Mtu

Paukwa!

Mbona kimya? Nimesikia sauti mbili tu, na moja ilikuwa ya mbuzi. Paukwa!

Pakawa!

Ahaa, hapo sawa. Sogeeni basi, aliye nyuma apate pa kukaa, na mwenye mkeka mpana asijifanye haoni. Tumbo langu hili, kama mnavyoliona, limekula katika miji mingi, na kila mji nilikopita wenyeji waliniapia kwamba ngano hii ilitokea kwao. Mimi nikala, nikakubali. Basi leo na itokee hapa.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na miji na sisi tungali porini, palikuwa na mji mkubwa. Ndani ya mji mtaa, ndani ya mtaa nyumba, ndani ya nyumba ukumbi, na mwisho wa ukumbi palikuwa na ua.

Nyumba ile aliijenga Bibi Tembo. Vyumba vilikuwa vinne, viwili huku na viwili huku, vidogo hata mgeni akiingia mwenyeji lazima atoke. Lakini ukumbi uliopita katikati ulikuwa mpana, maana Bibi Tembo aliupima kwa nyonga zake mwenyewe.

Chumba cha kwanza alikaa Bi Kobe. Cha pili alikaa Punda, mchukuzi wa sokoni. Cha tatu alikaa Kanga na watoto wake, ambao hata yeye mwenyewe alikwisha kuacha kuwahesabu. Cha nne alikaa Mzee Nungunungu, hana mke, hana mtoto, ana miiba.

Watu walimshangaa Bi Kobe. Walimwuliza, "Bi Kobe, wewe una nyumba yako mgongoni. Umefuata nini chumba cha kupanga?"

Naye hujibu, "Nyumba yangu nzuri, haivuji. Lakini haina pa kuweka kigoda cha mgeni."

Kule uani palikuwa na kinu kimoja, kinu cha mvule, kikubwa. Kila jioni mpunga hutiwa, na michi mitatu hupokezana. Punda huanza: Du! Bi Kobe hupokea: Tu! Kanga humalizia: Ti-ti! Msiniulize Kobe hushikaje mchi. Ngano haiulizwi mikono. Na wote huimba:

*Mpunga vua kanzu,*
*mchele toka ndani,*
*changu chako, chako changu,*
*tukutane uani.*

Watu wakishakula, Mzee Nungunungu huinuka. Hupita katikati ya ukumbi na taa yake mkononi, na kila mtu hubana ukutani kwa kuihofia miiba. Husimama kwenye kila mlango, huuliza neno moja tu:

"Nani hajala?"

Wakijibu, "Tumekula, mzee," huenda mlango wa pili. Akijibiwa na kimya, hasemi kitu. Hugonga taa yake mara moja kwa kucha, na sahani huanza kutoka vyumbani, hii ina ukoko, hii ina mkia wa samaki, hii ina mchuzi mtupu. Mpaka yule aliyekosa ashibe. Hapo ndipo taa huzimwa.

Hiyo ndiyo desturi ya nyumba ile. Bibi Tembo alipokuwa anakufa aliwaita akawaambia, "Nyumba hii simwachii mmoja. Nawaachia ninyi." Akafa. Wakalia, wakazika, wakakaa.

Ikaja masika. Mvua ikanyesha, ikanyesha, ikanyesha. Paa la ukumbi likaanza kuvuja.

Punda akasema, "Chumbani kwangu hakuvuji."

Kanga akasema, "Kwangu pia hakuvuji. Nina watoto wa kulisha, sina nafasi ya kupanda mapaa."

"Wewe ndege unashindwa kupanda paa?" akasema Punda.

"Na wewe punda unashindwa kubeba makuti?"

Maneno yakazaa maneno. Na penye maneno mengi, ndugu zangu, Bweha hayuko mbali.

Bweha akaja amevaa kofia, ana kamba ya kupimia na fimbo ya kuonyeshea. Akaingia ukumbini bila hodi. Akatikisa kichwa kama daktari.

"Masikini," akasema. "Watu wazima ninyi, mnaishi kama dagaa kwenye pakacha! Mji huu umeendelea, kila mstaarabu ana ukuta wake na geti lake. Jirani ni mtu mzuri sana, wazee wangu, akiwa upande wa pili wa ukuta."

"Na ujira wako?" akauliza Punda. Punda amebebeshwa mengi, huuliza mzigo kabla ya kuinama.

Bweha akacheka. "Mimi? Mimi napenda watu tu. Hebu niambieni, vyumba hivi ni vya nani?"

"Ni vyetu!"

"Ukumbi huu ni wa nani?"

Kanga akasema, "Huu si wa mtu."

"Na ule ua?"

"Si wa mtu."

"Basi mimi nitachukua hicho tu kisicho cha mtu."

Wakacheka wote. Wakaona leo wamepata mjinga. Nami nawaambia, mjinga akikutabasamia, jipapase mfukoni.

Kikabaki kinu. Kinu kiliwekwa na wote, hakikuwa na chumba. Bweha akaomba shoka. Akasema, "Haki ni haki, kila mmoja apate chake." Akakipasua kinu cha mvule vipande vinne, sawasawa kama papai.

Bi Kobe akauliza, "Bwana Bweha, robo ya kinu hutwanga nini?"

"Hutwanga robo ya mpunga, bibi."

Wote wakaona amejibu vizuri. Hata Bi Kobe aliona amejibu vizuri, mpaka alipofika chumbani na kipande chake mkononi.

Nyumba ikavunjwa. Kila mmoja akapewa kipande chake cha ardhi, chumba chake na ukuta mrefu wa kumzunguka, na geti la bati. Katikati, pale palipokuwa ukumbi na ua, Bweha akajijengea jumba lake. Chokaa akatia kwake kwa wingi, na kuta za wenzake akazijenga kwa mchanga. Tena kwa ubahili wake hakujenga kuta zake za pembeni. Aliliegemeza jumba lake kwenye kuta zao.

Mwanzo, tuseme kweli, palikuwa patamu. Punda alilala mpaka jua likampiga. Kanga aliwafokea watoto wake apendavyo. Hata Bi Kobe alifurahi kidogo, maana siku ile hakuna kifaranga aliyemkojolea mgongoni.

Kisha ikaja jioni.

Saa ya kutwanga ilipofika, shingo ya Bi Kobe ilitoka yenyewe. Ikasikiliza. Hakukuwa na du, wala ti-ti. Ikarudi ndani.

Kesho yake ikatoka tena, na jioni zote za mwaka ule. Ikarudi ndani.

Alinunua unga wa dukani. Ulikuwa mweupe, laini, nao ulinuka gunia. Akapika, akala, akaosha sufuria moja, sahani moja, kijiko kimoja. Bi Kobe hakujua kwamba chombo kimoja kikioshwa peke yake hulia vile.

Wala hakutamani makubwa. Alitamani kikohozi cha Punda cha alfajiri. Alitamani Kanga amseme kwa kusahau ndoo njiani. Alitamani vitunguu vya mwenzake, vile vinavyonukia mpaka kwako, nawe unakula ugali wako mkavu kwa harufu ya watu na unashiba. Zaidi ya yote alitamani mtu asimame mlangoni aulize kama amekula. Ameshakula, ndiyo. Lakini aulizwe.

Akasema moyoni, "Mimi nitakufa, maana hata kobe hufa. Lakini sitaki kufa kabla sijala tena na watu."

Basi akaenda kwa Kanga. Kwenye geti akagonga. "Hodi, shoga! Nimekuja kuazima chumvi." Naye chumvi anayo.

Kanga akajibu kwa ndani, "Ee shoga, geti gumu hili kufungua, watoto watatoka. Nitakupenyezea kwa chini."

Chumvi ikapita chini ya geti, imefungwa kwenye karatasi. Mkono wa Kanga hakuuona.

Akaenda kwa Punda. "Hodi, Bwana Punda! Nimekuja kuomba moto." Naye moto anao, ameuacha unawaka.

"Bibi," akajibu Punda kwa uchovu, "siku hizi kila mtu na kiberiti chake. Shika hicho!" Kiberiti kikaruka juu ya ukuta, kikampiga Bi Kobe gambani, tak!

Akaenda kwa Mzee Nungunungu, na bakuli la uji wa moto. "Hodi, mzee! Nani hajala?" Akauliza kwa mzaha, amrudishie swali lake.

Kimya.

Akagonga tena. Kimya. Bi Kobe akasema, "Amelala. Au amechukizwa na mimi." Akarudi nao uji. Akaunywa peke yake, umepoa.

Kumbe mzee alikuwa mgonjwa ndani. Kumbe alimsikia. Kumbe sauti yake haikuweza kuruka ukuta.

Aliyeleta habari ni Kunguru, ambaye hajui ukuta. Alikaa juu ya geti akasema, "Ninyi watu wa hapa, mnajua kwamba jirani yenu amekufa tangu juzi?"

Wakavunja geti la Mzee Nungunungu. Wakamkuta amelala kiubavu, taa yake karibu naye, na sufuria yake imefunikwa kifudifudi, safi, kavu. Aliyekuwa akiwauliza wote nani hajala, amekufa hajala.

Hakuna aliyemtazama mwenzake usoni.

Wakatafuta pa kutandika mikeka ya matanga. Kwa Punda hapatoshi. Kwa Kanga hapatoshi. Kwa Bi Kobe hapatoshi hata maiti kugeuzwa. Bi Kobe akaenda kwa Bweha.

"Bwana Bweha, tufungulie ua tumlilie mwenzetu. Siku za matanga tu, kisha tutaondoka."

Bweha akatoa pua tu kwenye geti. "Bibi, pole sana. Lakini hapa si uani tena, hapa ni kwangu. Mngelitaka ua, mngesema ni wa mtu."

Basi wakamlilia Mzee Nungunungu barabarani. Mikokoteni ilipita ikiwataka wainue miguu. Pembeni ya mtaro alikaa Kima mjane na mwanawe mgongoni, yeye na wengine wengi waliotoka porini kutafuta vyumba mjini na kuambiwa kila mahali kuna ukuta. Ndio waliosogea wakalia pamoja nao. Hawakumjua marehemu. Lakini wao, angalau, walikuwa nje.

Wakazika. Jioni kila mtu akarudi nyuma ya geti lake.

Saa ya kutwanga ikafika. Shingo ya Bi Kobe ikatoka. Safari hii haikurudi ndani.

Akachukua mchi wake. Kinu hakuna, akatwanga ardhi. Lakini hakutwanga yote, alitwanga zamu yake tu. Akampigia Punda kimya chake, akapiga yake, akampigia Kanga kimya chake.

... Tu! ...

... Tu! ...

Kule kwa pili Punda akasikia. Akajua nini kimekosekana pale mbele. Akageuka upande. Akaziba masikio, na masikio ya Punda, mnajua, kuyaziba si kazi ya mara moja. Asikie asisikie, mguu wake ulikwisha kumwasi. Ukainuka, ukashuka.

Du! Tu! ...

Kule kwa tatu Kanga alikuwa anafoka. Akaacha kufoka. Wimbo usiomaliziwa huwasha kama upupu. Akavumilia, akavumilia, akashindwa. Akautoa mchi uvunguni.

Du! Tu! Ti-ti!

Hawakuonana. Kila mtu alikuwa kwake, nyuma ya ukuta wake, machozi yanamtoka, na bado walikuwa wanapokezana kama zamani. Bi Kobe akaanza, sauti yake nyembamba kama uzi:

*Mpunga vua kanzu,*
*mchele toka ndani...*

Na kuta zote zikapokea:

*Changu chako, chako changu,*
*tukutane uani!*

Wakatwanga kwa majonzi. Wakatwanga kwa hasira. Wakatwanga kwa ajili ya uji uliopoa. Na ukuta wa mchanga, jamani, haupendi ngoma. Ukaachia vumbi kidogo. Ukaachia nyufa. Kisha ukuta wa Punda ukasema *pwaa*, wa Kanga ukasema *pwaa*, wa Bi Kobe ukasema *pwaa*, na jumba la Bweha lililoziegemea likaangalia kulia, likaangalia kushoto, likakosa pa kujishika, likakaa chini lote. Bweha akatokea kwenye vumbi bila kofia, akakimbia, hata hakugeuka kuona nani anacheka.

Lakini hakuna aliyecheka. Vumbi lilipotulia, walikuwa wamesimama watatu na michi yao, na katikati yao upo ua.

Bi Kobe akatazama nyuma ya Kanga. "Yule kijana mrefu ni nani?"

"Ni kitindamimba wangu."

"Yule wa makamasi?"

"Ndiye huyo, shoga."

Bi Kobe akampima kijana kwa macho. Amekua mtoto, naye alikuwa hapo hapo, ukuta wa pili.

Asubuhi wakakaa kupanga nyumba. Punda akasema, "Turudishe ileile ya Bibi Tembo." Bi Kobe akawatazama Kima mjane na wale wa mtaroni. "Ileile itatosha wangapi? Hawa wametusaidia kulia, tuwaache nje?"

"Ardhi ndiyo hii, bibi, haivutiki kama ubani wa kutafuna," akasema Punda.

"Pembeni haivutiki. Lakini juu umemwona nani amejenga?"

Wakajenga kwenda juu. Punda akabeba mawe, Kima akapanda majukwaa, Kanga na wanawe wakakanyaga udongo na chokaa, chokaa ya kweli. Ikawa ghorofa, vyumba juu ya vyumba, familia kwa familia, nyumba imezunguka ua mmoja katikati. Punda akakaa chini, kando ya ukumbi mpana unaotokea uani, Kanga juu kabisa. Milango yote ilitazama uani. Ngazi ilikuwa pana: wawili wakikutana wasimame wasemezane, na wa tatu apite bila kununa. Wakachonga kinu kipya. Kipande cha kinu cha zamani alichokihifadhi Bi Kobe wakakitia kiwe kizingiti cha chumba kimoja cha chini, ambacho hakikugawiwa mtu. Hakuna aliyeuliza ni cha nani; wote walimkumbuka mwenye taa.

Kazi ilipokwisha Bi Kobe akawakusanya. "Ukumbi huu ni wa nani? Na ua huu?"

Kitindamimba wa Kanga akaropoka, "Si vya mtu!"

"Koma!" Bi Kobe akagonga mchi chini. "Neno hilo lilituuza. Ni vya wote. Na cha wote kina wenyewe: kikivuja, tumevujiwa sote."

Nyumba ikajaa kelele. Du, tu, ti-ti ikarudi. Vitunguu vikanukia kutoka ghorofa hadi ghorofa. Lakini kila jioni, watu wakishakula, kilikuwa kinapita kimya kifupi. Kila mtu alikijua. Ilikuwa saa ya taa kupita ukumbini, na hakuna aliyethubutu kuishika taa ile. Bi Kobe alikuwa akiingiza kichwa ndani mpaka saa hiyo ipite.

Jioni moja hakuingiza. Akaichukua taa, akaiwasha, akatembea ukumbini, polepole, ndio mwendo wake. Watu wakabana ukutani, ingawa yeye hana miiba. Akasimama mbele ya kile kizingiti cha mvule. Akaiinua taa.

"Nani hajala?"

Ghorofa zote zikajibu, "Tumekula, bibi!"

Akageuka arudi. Hapo ikasikika sauti nje ya mlango mkubwa, sauti ndogo, iliyopoteza kofia yake.

"Mimi... mimi sijala."

Wakafungua. Alikuwa Bweha. Amekonda, mkia una matope.

Kanga akaruka. "Huyu! Mfungieni mlango afe huko huko! Umesahau, shoga? Umesahau uji wako?"

"Sijasahau," akasema Bi Kobe. "Sitasahau. Lakini mimi sikuuliza nani mwema. Nimeuliza nani hajala."

Akaigonga taa mara moja kwa kucha.

Kisha mlango mmoja ukalia. Sahani ikatoka, ina ukoko. Ukalia wa pili, ukatoka mkia wa samaki. Wa mwisho akashuka Kanga mwenyewe kutoka juu kabisa, amenuna, na mchuzi mtupu. Bweha akakalishwa ukumbini, karibu na watoto wa Kanga, lakini mbele kabisa ya miguu ya nyuma ya Punda. Wema ni wema, na tahadhari ni tahadhari. Akala, analia. Kesho yake alfajiri walimwona uani, anafagia.

Na Bi Kobe akaizima taa.

Basi wenzangu, ngano inatufunza hivi: mtu halindwi na ukuta, hulindwa na jirani anayeuliza kama amekula. Na kile mnachokiita si cha mtu, kitunzeni kuliko vyumba vyenu, maana humo ndimo mnamoishi.

Nami nimefika mwisho wa ukumbi. Ngano ikiwa tamu, ichukueni mkaile na wa mlango wa pili. Ikiwa chungu, niachieni sufuriani, mimi ukoko nimeuzoea. Inukeni polepole, msiwakanyage waliolala. Na kabla hamjatawanyika, hebu semeni kweli: nani hajala?